Hakuna wa Kumzidi Mwenyekiti

Kwa miaka sita wakubwa wa nchi hii wamekuwa wakibishana kama jeshi linunue ndege yake yenyewe ya kubebea askari na mizigo, au liendelee kukodi za watu. Miaka sita! Mtoto aliyezaliwa siku ubishi ulipoanza sasa anajua kusoma, na akifungua gazeti anaukuta ubishi palepale, umekaa tu, haujatoka hata jasho. Mimi sikuwa na upande. Mimi ni mpima mizigo katika uwanja wa ndege wa jeshi, raia wa kuajiriwa, darasa la sita nikalikimbia mwenyewe. Kazi yangu ni moja: hakuna kinachoingia kwenye ndege bila kupanda kwanza kwenye mizani yangu na kuandikwa kwenye karatasi yangu. Gunia, sanduku, jenerali, wote wananipitia. Nisipotia sahihi, rubani hawashi injini. Askari wananiita Bwana Kilo.

Upande nilikuja kuupata mwaka huu, na sikuupata kwa hoja. Binti yangu ni sajenti, nesi wa jeshi. Walipelekwa yeye na wenzake thelathini nchi ya mbali kulinda amani, miezi tisa. Miezi tisa ikaisha, ndege ya kukodi ya kuwarudisha haikuja. Tukaambiwa mkataba na mwenye ndege umekwisha, unatakiwa usainiwe upya, na anayepaswa kuusaini yuko safarini, amekwenda kuangalia ndege za kununua. Aliporudi, kalamu nayo ikawa na mlolongo wake. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja, sasa ulikuwa wa kumi na nne, mwanangu bado anafunga watu bandeji huko na kula maharage ya kopo.

Katika kusubiri huko mama yake akafa. Figo. Hospitali walituambia mashine ya kusafishia damu ipo, ila kifaa chake kimoja kimeagizwa. Kimeagizwa! Neno hilo nikilisikia mpaka leo meno yananiuma. Mke wangu kafa kifaa kikiwa kimeagizwa, na nadhani mpaka sasa kiko njiani, kinapunga upepo. Binti yangu alihudhuria mazishi kwenye simu. Simu aliishika jirani yangu, fundi viatu, mtu mwema sana, lakini mkono ulimwelemea kwa huzuni, kamera ikaangalia chini mwanzo hadi mwisho.

“Baba,” mwanangu aliniambia jioni yake, “sikumwona mama. Nimeona viatu tu.”

Ndiyo hali niliyokuwa nayo Karani wa Itifaki alipoingia bandani kwangu. Mtu wa makamo, mwembamba, tai imembana mpaka macho yamemtoka kidogo, bahasha kwapani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Kesho kutwa inakuja ndege ya kukodi. Kamati ya Waheshimiwa inakwenda kuwatembelea askari wetu walioko nje, ikajionee yenyewe kama nchi inahitaji ndege.”

“Askari gani?”

“Wale waliokwama.”

“Waliokwama kwa kukosa ndege?”

“Haohao.”

“Sasa mmepata ndege.”

“Tumepata.”

“Ya kwenda kuwaangalia.”

“Kwa karibu,” akasema. Wala hakucheka. Watu hawa hawachekagi, wakicheka watajisikia.

Nikaweka kalamu chini. “Mwanangu, mimi nina binti kule. Ndege ikirudi, itawabeba?”

“Viti ni ishirini na viwili, mzee. Waheshimiwa na wasaidizi wao ishirini na wawili. Hesabu imekaa vizuri kabisa.” Akaniona sura inabadilika, akataka kunifariji. “Lakini kuna hafla ya mapokezi kule. Binti yako kama ni sajenti, naweza kumwombea ashike maua.”

Nilitamani kumpandisha kwenye mizani kichwa chini. Badala yake nikanyoosha mkono, nikapokea orodha ya abiria na uzito wao. Nikaisoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Mwenyekiti wa Kamati: kilo hamsini na nane. Makamu wake: hamsini na saba na nusu. Mjumbe mwandamizi: hamsini na saba. Na hivyohivyo wanashuka, nusu kilo nusu kilo kama ngazi, mpaka kwa mtu wa mwisho, mpiga picha, aliyeandikiwa arobaini na saba na nusu. Mpiga picha yule namfahamu. Paja lake moja ni arobaini na saba na nusu.

“Nani kawapima watu hawa?”

“Hawakupimwa. Wamepangwa.”

“Wamepangwa vipi?”

Karani alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vyenye tope. “Kwa itifaki, mzee. Mwenyekiti ndiye mkubwa, na uzito wake tunao, ni hamsini na nane. Hakuna wa kumzidi Mwenyekiti kwa maandishi. Ningeandika mjumbe mia na kumi halafu Mwenyekiti hamsini na nane, orodha ingesomekaje?”

Ni kweli Mwenyekiti ni mtu mdogo, mkavu kama ukuni wa mwaka jana. Lakini wale wengine ninawaona kwenye televisheni. Kochi likiwaona linaomba ruhusa.

Sikubishana. Nilimwambia tu, “Acha karatasi hapa.” Akaondoka akifikiri ameshinda. Mimi nikabaki nikitazama mizani yangu. Ni ya zamani, ya jukwaa la chuma, na ina uso wa duara mkubwa kama sinia la harusi, mshale mwekundu, tarakimu unazisoma ukiwa hatua arobaini. Siku zote ilikaa nyuma ya mlango. Kesho yake nikaita makuli wanne, tukaisukuma mpaka mlangoni, uso umeelekea nje, pale ambapo waandishi wa habari husimama na kamera zao. Sisemi nilifanya kwa bahati mbaya. Nilifanya kwa roho mbaya, na nililala vizuri.

Siku yenyewe ndege ikatua saa mbili asubuhi. Ndege ya pangaboi nne, imechakaa kidogo, na rubani wake mgeni mwenye Kiswahili kifupi kama kaptura. Akanipa mkono. “Joto leo. Tani sita. Zaidi, hapana.”

“Nimekuelewa.”

Tukaanza na mizigo. Mahema mawili. Jukwaa la kukunja. Viti vya plastiki mia moja. Spika na jenereta lake. Maji ya chupa, maana ya kule hawayaamini. Magodoro, maana vitanda vya askari hawaviamini pia. Na meza. Meza ya Kamati ilikuja kwenye lori lake peke yake: mti mgumu, miguu sita, makuli kumi na wawili waliishusha wakimtaja Mungu. Kilo mia nne na kumi.

“Meza ya nini?” nikauliza.

“Kanuni inasema Kamati itaketi mezani,” akajibu Karani. “Haikusema meza yoyote. Imesema *mezani*. Kwa hiyo ni hii.”

Mizigo yote ikafika tani nne na kilo mia saba. Karani akajumlisha na watu wake wa kwenye ngazi, wakatoka kilo elfu moja na mia mbili hivi. Jumla tani tano na kilo mia tisa. Akanipa kalamu nitie sahihi, uso unang'aa.

“Bado,” nikasema. “Watu wapande.”

“Wapande wapi?”

Nikamwonyesha mizani. Kamera zikageuka.

Waheshimiwa walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha banda, suti na vitenge vizuri, mabegi ya magurudumu. Nitawataja wawili tu maana ndio wenye ubishi wao. Mmoja ni mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, watu wanamwita Mama Tununue, kwa kuwa kila akisimama anasema, “Nguo ya kuazima haisitiri matako! Tununue!” Mwingine ni bwana mmoja mnene, mtulivu, ana kicheko cha puani, anaitwa Mzee Tukodi. Yeye husema, “Mtu hachimbi kisima kwa kiu ya siku moja.” Hawajawahi kupeana mkono tangu ubishi uanze.

Wa kwanza kupanda alikuwa Makamu Mwenyekiti. Aliweka mguu mmoja juu ya jukwaa, wa pili akauacha chini.

“Mheshimiwa, na huo mwingine.”

“Huu una maumivu.”

“Uzito wa maumivu hatuutozi. Pandisha.”

Akapandisha. Mshale uliruka kama umechomwa sindano, ukapita hamsini na saba na nusu bila hata salamu, ukapita mia, ukatulia mia moja ishirini na sita. Kamera: cha, cha, cha.

“Mizani mbovu hii!”

“Jana nimepima mfuko wa mchele wa kilo hamsini, ikasema hamsini.”

“Mchele hauna nguo!”

Akavua koti. Akavua viatu, saa, mkanda. Akatoa simu mbili mfukoni na korosho alizokuwa anatafuna. Akabaki ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Mia moja ishirini na nne.

Rubani alikuwa kasimama pembeni na orodha ya Karani. Akaisoma, akamtazama Makamu, akaisoma tena. “Huyu hamsini na saba?” akaniuliza. “Sawa. Na huyu mwingine ndani yake, nani?”

Mwandishi mmoja akakaa chini kwa kucheka. Mimi sikucheka usoni. Ndani nilikuwa nacheka mpaka mke wangu huko aliko nadhani alisikia. Nikawapandisha wengine wanane, mmoja mmoja, nikisoma kwa sauti kama mnadi wa ng'ombe. Mia na tatu. Tisini na nane. Mia na kumi na saba. Mpiga picha, yule wa arobaini na saba na nusu, akawa mia moja thelathini na moja na kamera yake.

Rubani akapiga hesabu kwa penseli. “Mkienda hivi, mimi zidi kilo mia saba. Toa mia saba. Au mimi lala hapa, ninyi enda kwa miguu.”

Hapo ubishi ukazaliwa. Mama Tununue akasema itolewe meza. Mzee Tukodi akasema bila meza hiyo si Kamati, ni watu wanaokwenda kupunga hewa. Mama akasema kumbe anajua kwamba kuna watu huwa wanakwenda kupunga hewa. Mzee akacheka kwa pua. Wengine wakasema tuache viti. Karani akasema askari wakisimama wakati wa hotuba watazimia, ilishatokea. Tuache maji, hapana. Tuache mpiga picha; mpiga picha akasema basi na picha waziache. Mwisho wakaacha jukwaa na viti, na bado zilibaki kilo nyingi.

Wakati huo foleni iliyokuwa kwenye kivuli, wale ambao hawajapanda, ilikuwa inafupika. Mmoja alipokea simu ambayo hatukuisikia ikilia, akasema mama mkwe kalazwa. Mmoja akakumbuka ana kikao. Mmoja alitaka tu kwenda msalani, akaonekana kwenye gari linatoka getini, vioo vimepandishwa. Na wale waliokwisha kupimwa, baada ya kuona waandishi wanatuma picha moja kwa moja, wakasema hawawezi kusafiri katika mazingira ya udhalilishaji. Wakaondoka na magodoro yao, maji yao na mabegi yao. Mwisho wa yote hata makuli wakaanza kuwapungia mkono.

Nikahesabu viti vinavyobaki wazi. Vinane. Kumi. Kumi na tano. Ndege inakwenda tupu, kwa hiyo itarudi tupu, na mwanangu ana kiti! Nikajiona mtu mwenye akili kuliko wote nchini. Nikasema, Bwana Kilo, wewe ungekuwa waziri.

Ndipo Mwenyekiti, ambaye muda wote alikaa kwenye begi lake kimya kama mtoto wa shule anayesubiri kuchukuliwa, akasimama akahesabu waliobaki kwa kidole. Yeye. Mama Tununue. Mzee Tukodi. Karani.

“Wajumbe tumebaki watatu,” akasema. “Akidi ni watatu. Akipungua mmoja, Kamati haipo, na kama Kamati haipo, safari haipo. Rubani arudi kwao.”

Na papo hapo Mama Tununue akavuta begi lake. “Basi haipo. Mimi sipandi hapo mbele ya huyu bwana. Kesho atanisoma bungeni kilo kwa kilo.”

“Na mimi,” akasema Mzee Tukodi, “siwezi kupanda mbele ya mwanamke mwenye mdomo ule.”

Jamani. Ni mimi niliyeisukuma ile mizani mlangoni. Ni mimi niliyesoma kilo kwa sauti ya mnada. Nilitaka kuwaaibisha, nimewaaibisha, wamekwisha, na sasa safari inakufa mkononi mwangu na mwanangu anabaki kule kwa mwaka mwingine, akisubiri kalamu. Nikamvuta rubani pembeni.

“Hawa wawili waache bila kupimwa. Ndege nyepesi sasa. Nitaandika tu makisio.”

Akatikisa kichwa. “Asubuhi, ndiyo. Sasa, hapana. Karatasi yenu hadithi. Kila mtu, mizani.”

Nikarudi. Nilisimama mbele ya wale wawili, kofia mkononi. Katika maisha yangu sijawahi kumwomba kiongozi kitu. Mke wangu alipolazwa fundi viatu aliniambia, nenda kwa mbunge wako, nikamjibu bora nimwombe mbuzi. Sasa nikasema neno moja.

“Tafadhali.”

“Sasa hivi ndiyo tafadhali?” Mama Tununue akaweka mikono kiunoni. “Asubuhi ulikuwa unatunadi!”

“Nilikosea, mama. Nina hasira zangu. Lakini nina binti kule, sajenti, nesi. Mama yake amezikwa yeye hayupo.”

Akashusha mikono kiunoni. Mzee Tukodi akaangalia viatu vyake.

“Siwezi kuacha kuwapima,” nikasema. “Lakini naweza kuwapima pamoja. Mnapanda wote wawili mara moja. Mimi nasoma jumla. Nani ana ngapi, hakuna atakayejua, si mimi, si rubani, si kamera.”

Walitazamana kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya mwenzake, nikaona wazi. Kila mmoja akaona atafichika vizuri.

“Jukwaa ni dogo,” akasema Mzee Tukodi.

“Mtashikana.”

Wakapanda. Ikabidi kweli washikane, mama kamshika mzee bega, mzee kashika kiuno cha hewa, hakujua aweke wapi mkono, mwisho akauweka juu ya begi la mama. Picha ile ilitoka magazeti yote. Mshale ukayumba, ukatulia.

“Mia mbili na kumi na nne!”

Wakashuka haraka.

“Pole sana,” Mama akamwambia Mzee. “Mia moja thelathini na nne si mchezo. Ujiangalie presha.”

“Nani ana mia thelathini na nne?”

“Mimi ni themanini. Toa.”

“Themanini ulikuwa nazo ulipokuwa darasa la saba!”

Nikawaacha waendelee, maana wakibishana hawaondoki. Karani akapanda, sitini na tatu. Mwisho akapanda Mwenyekiti. Mshale ulisogea kidogo tu, kwa adabu. Hamsini na tano.

“Hamsini na tano?” Karani alishika kichwa kwa mikono miwili. “Mheshimiwa, umepungua! Orodha nzima inabidi ishuke kilo tatu!”

“Vidonda vya tumbo,” akasema Mwenyekiti kwa upole. “Tangu nipewe Kamati hii.”

Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe. Nikaona ndiye wa kumwambia. Nikamweleza viti kumi na vinane vinakwenda vitupu, na kule wako askari thelathini na mmoja. Akafungua daftari lake.

“Hadidu za rejea zinasema kutembelea. Hazisemi kurudi na mtu.”

“Turudi nao!” akadakia Mama Tununue. “Nchi nzima ione askari wanavyorudi kwa kudandia lifti ya wabunge. Ndiyo itajua lazima tununue.”

“Hapo ninakubaliana naye,” akasema Mzee Tukodi, na mwenyewe akashtuka kujisikia. “Warudi. Nchi ione kwamba ndege ya kukodi imewaleta salama salimini, haina haja ya kununuliwa.”

Mwenyekiti akawaangalia mmoja baada ya mwingine. Ni mara ya kwanza Kamati yake kukubaliana kitu, na haraka akaliandika hilo kwenye daftari. Lakini Karani akakohoa: abiria wapya ni mpaka kibali cha wizara, na kibali ni wiki tatu.

“Na mizigo?” Mwenyekiti akauliza.

“Mizigo haina kibali. Mizigo ni mpima mizigo tu.”

Wote wakanigeukia. Nikachukua karatasi ya safari ya kurudi, nikaandika kwa herufi zangu kubwa za darasa la sita: *Vifaa vya jeshi, vipande kumi na vinane.* Nikatia sahihi. Ndege ikaruka saa nane mchana ikiwa na watu wanne wa Kamati na meza yao.

Siku nne sikupata hata ujumbe. Vipande kumi na vinane kati ya thelathini na moja. Kwenye foleni yoyote mtu mwenye moyo wa huruma hukaa nyuma, na huyo mtoto moyo huo aliurithi kwa mama yake, si kwangu. Nilipima masanduku ya risasi nikiandika tarakimu upande usio wake. Mkuu wa uwanja akaniletea barua ya onyo kwa kosa la “kuhamisha mizani bila idhini”. Nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu mmoja wa kiti changu, maana kilikuwa kinacheza.

Siku ya tano ndege ikatua. Mlango ukafunguka. Akashuka Mwenyekiti, kisha Karani, kisha Mama na Mzee wakiwa bado wanabishana, safari hii kuhusu dirisha. Halafu askari. Nikawa nahesabu kwa sauti ndogo. Mmoja, wawili. Wamekonda, wamechomwa na jua, mmoja alipiga magoti akagusa lami. Kumi na wawili. Kumi na tano. Kumi na sita. Hakuna anayetoka. Nikasema ndiyo hivyo, amempa mtu kiti chake, wa kumi na saba atakuwa—

“Shika huko chini, baba! Usisimame kama nguzo!”

Alikuwa anashuka kinyumenyume, anamshusha askari mmoja mwenye plasta kutoka nyonga mpaka kisigino. Nikakimbia nikashika ule mguu wa plasta. Ndivyo tulivyosalimiana, mimi na mwanangu, katikati yetu mguu wa mtu.

“Nilijiandika wa mwisho kwenye orodha,” aliniambia tulipomlaza yule askari kwenye machela. “Huyu akasema hapandi bila nesi wake. Sikuwa na la kufanya.” Akasema kama mtu anayeungama. Akatazama nyuma kwenye mlango wa ndege. “Wamebaki kumi na watatu, baba.”

“Najua.”

“Nimewaahidi mtu atawafuata.”

Nilimwona Karani anapita na rasimu ya taarifa, nikamwuliza Kamati imeamua nini. Akasema imeamua kwa kauli moja kwamba suala ni zito, itaundwa kamati ndogo. Mama Tununue kwenye redio jioni hiyo alisema safari imethibitisha tununue. Mzee Tukodi, redio nyingine, imethibitisha tukodi. Kumi na watatu wako kule mpaka ninapoandika haya, na kila anayepita bandani kwangu na tai ninamwuliza habari zao, hata kama amekuja kupima bahasha. Mizani sijairudisha nyuma ya mlango.

Tulifika nyumbani saa kumi. Fundi viatu alitoka kumpokea, akaanza kumwomba radhi kuhusu ile simu, mwanangu akamkumbatia kabla hajamaliza. Akaingia ndani na buti zake. Akatazama jiko, sahani moja, kikombe kimoja, sufuria moja. Akasukuma mlango wa chumbani kwangu.

“Baba. Hili shuka umelifua lini?”

“Lipi?”

“Lipo moja tu, baba.”

Nilijifanya nahesabu miezi. Nilikuwa ninaijua hata siku zake. “Mara ya mwisho alilifua mama yako.”

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta mahali pa kutazama. Hakulia. Akakamata pembe mbili za shuka, akalivuta lote kwa mkupuo mmoja kama anavyotoa bandeji kwa mgonjwa anayeogopa, akalikunja kifuani, akanipita nalo kwenda uani. Nikabaki mlangoni kama mlinzi aliyeibiwa mchana kweupe. Nikasikia maji yanaingia ndooni, nikasikia sabuni, nikasikia anasugua kwa nguvu na anavuta kamasi, anasugua tena.

“Baba!”

“Naam.”

“Njoo ushike upande wa pili. Zito hili, siwezi kulikamua peke yangu.”

Nikakunja mikono ya shati, nikaenda. Yeye akazungusha kulia, mimi nikazungusha kushoto, mpaka likaacha kudondosha.